Juu ya Nini Niliitwa Animatrice

Siku muliniaga, tulikuwa tunakunywa fanta ya moto juu courant ilikuwa imekatika, na Béni, mwenye amekamata fasi yangu kwenye mashine, akauliza swali mbele ya batu bote: juu ya nini mwalimu anaachaka masomo ya kweli, anakuja kufundisha kwetu kwenye kituo ya rekiperasyo, kwa batoto benye balikosa masomo? Kila mutu alitoa jibu yake nzuri. Mumoja alisema ni wito. Mwingine alisema ni upendo ya batoto. Mwingine alisema Mungu alimuonyesha njia, lakini hakusema kama Mungu alimuonyesha nyuma ya kufukuzwa ku masomo mbili. Miye nilikuwa na beignet ya kukaangwa mu kinywa, nikanyamaza. Mulifikiri ni unyenyekevu. Ilikuwa beignet.

Sasa niko nyumbani. Macho yangu imegoma kuona tundu ya sindano, na niko na wakati. Nitawaandikia ginsi nilivyoona, nyiye benye munabaki. Nilifika kalasi ya ine tu. Mwenye ataona makosa ya kuandika ayachukue, ni yake. Na nitataja majina. Hapa Bunia batu banapenda kusema "mutu moja", "batu fulani". Huyo "mutu moja" alinichosha zamani.

Nianze na Gaston. Mbele ya vita nilikuwa fundi ya kushona mu soko. Bazazi yangu balitoka Butembo na biashara ya vitenge, nikakomalia kati ya vitambaa. Vita ilipoingia mu quartier yetu Saio, tulikimbia na yenye ilikuwa ku mwili. Bwana yangu alirudi kutafuta mama yake, na hakufika, na hakurudi. Juu ya ile sitaandika mingi. Benye balifanya sikujua majina yao, na ile njo inaniumizaka kupita. Lakini mwenye alibeba mashine yangu ninamujua. Ni Gaston, jirani yetu pale Saio. Nyuma ya vita alinisalimia na huruma mingi, akashika mikono yangu yote mbili, na wakati anasema pole, pole sana mama, nikasikia ndani ya nyumba yake mukanda ya mashine yangu inalia vile ilikuwa inaliaka. Mukanda ile inatelezaka wakati unashona jean. Gaston, kama unasoma, natumaini ingali inateleza.

Fundi bila mashine banamuitaka mama ya kuteka maji, na njo kazi nilifanya. Mpaka siku moja ku kisima nikasikia kama kule Nyakasanza, nyuma ya kanisa, kuko kituo mupya ya batoto benye balikosa masomo, na iko na mashine za kushona na haina fundi. Béni, jibu yangu njo hii: nilikuja juu ya mashine. Batoto nilibakuta pale.

Mukubwa ya kituo alikuwa Papa Anicet. Yeye alikuwa mwalimu ya kweli, na diplome, na viatu ya kung'aa hata wakati ya matope. Alikuwa anafundisha ku masomo ya primaire, shule ya musingi, yenye iko upande ingine ya barabara, kwa Directeur Faustin. Kila asubuhi Faustin alikuwa anamusimamisha ku mulango achague: huyu hana viatu, arudi, huyu shati si nyeupe, arudi, huyu amechelewa, arudi. Papa Anicet aliniambia hii neno tukiwa tunatia mashine mafuta:

"Mama Masika, nilisomea kufundisha, na balinipa kazi ya sentinelle ya kulinda mulango."

Basi akavuka barabara. Ni ile tu. Batu banafikiri mwalimu anakuja kwetu na tarumbeta ya malaika. Yeye alivuka barabara, na asubuhi yake benye alikuwa anafukuza balivuka nyuma yake.

Kwa serkali, rekiperasyo ni kurudisha batoto ku masomo, lakini mu Bunia ni kazi ya kuokota bidon, yale madumu ya maji, na vyuma yenye batu balitupa, kwa kuuza tena. Kwa hiyo batoto yetu baliitwa bidon. "Bidon inapita." "Ninyi bidon, mutatoa maji lini?" Jina ile ilitoka mu kinywa ya Directeur Faustin, naandika wazi, alisema mu mukutano ya bazazi na bazazi balicheka. Batoto yetu balipolisikia, balianza kupita mbele ya masomo yake banapiga matumbo kama bidon tupu, bum, bum, mpaka kalasi yake yote inageukia dirisha. Nilibakataza. Sikubakataza na nguvu.

Siku yangu ya kwanza, Papa Anicet aliniambia kama mutu bila diplome hawezi kuitwa enseignante, mwalimu, serkali inakataa. Mu kituo kama yetu banamuitaka animatrice. Nilipeleka jina ile nyumbani kama kitenge mupya. Mama yangu alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Yeye aliona ile wakati ya zamani, batu banavaa kitenge ya rangi moja, banacheza mu stade kwa kusifu mukubwa ya inchi, na benye balikuwa banachezesha balikuwa banaitwa hivyo hivyo. Akaacha sombe.

"Animatrice? Unaenda kuchezea nani?"

"Batoto, mama."

"Na magoti gani?"

Hakunidanganya. Yeye alijua animation ya namna moja, na miye pia. Asubuhi nikafunga kitenge vizuri ku kiuno, nikaenda kuchezesha.

Mu ile nyumba kulikuwa basichana na bichanga yao ku mugongo, bavijana benye balitoka ku machimbo ya zahabu na udongo ingali mu kucha, bengine benye balibeba bunduki, na bengine benye bazazi yao balikimbia bunduki ile ile. Kila kundi ilikaa ku ukuta yake. Katikati ya nyumba kulibaki fasi ya kulaza ngombe. Mu kona alikaa kijana moja munene, mugongo ku ukuta, macho ku mulango. Jina yake Innocent, lakini benzake balikuwa banamuita Commandant, na habakuwa banacheka wakati banasema.

Niliimba. Hakuna mwenye aliitika. Nikacheza peke yangu, na magoti yangu, katikati ya ile fasi ya ngombe. Nilizunguka mara ya kwanza, nikazunguka tena, jasho inatoka. Innocent akauliza na heshima yote:

"Mama, tulikuja kujifunza kushona, ao kuko ndoa?"

Kicheko ilitoka ku kila ukuta. Ilikutana katikati, fasi yenye bao benyewe habakutaka kukutana. Papa Anicet alikuwa ku mulango, anashika mudomo. Nyuma ya kazi akanieleza polepole kama animatrice, mu kitabu ya serkali, ni mwalimu ya chini tu, hakuna ngoma ndani. Nikamuuliza kama nilicheza bure. Akasema kesho nirudilie, juu tangu kituo ifunguliwe ilikuwa mara ya kwanza bale batoto kucheka kitu moja.

Njo hivi kosa yangu iligeuka kazi, na nyiye benye munafanya duara kila asubuhi mujue ilitoka wapi. Haikutoka mu formation ya balimu, hata kama bale ya formation balikuja kupiga picha.

Sasa kazi yenyewe, musikie vizuri. Mashine ya pedali haifundishwi na mukono. Inafundishwa na muguu. Batoto banakimbilia uzi na kitambaa, na uzi unakatika, banalia. Weye toa uzi, toa sindano. Simamisha batoto mu duara, baimbe, na muguu ifanye: kisigino, vidole, kisigino, vidole. Mwenye anajua kucheza polepole bila kuruka, huyo mashine haitamurudisha nyuma. Kisha weka sindano bila uzi, na umupe karatasi ya mufuko ya simenti yenye umechora mustari. Ashone matundu tu. Inua karatasi ku mwangaza: akitoka ku mustari, karatasi inamusema, haina haja weye umuseme. Innocent aliharibu mifuko mingi kuliko mwashi. Lakini siku matundu yake ilinyooka, alikunja ile karatasi akatia mu mufuko ya shati, na tangu siku ile alikaa na mugongo ku mulango.

Mu duara kulikuwa sheria. Mwenye anaimbisha anaita jina. Mwenye ameitwa anaingia katikati, anajibu swali, ya hesabu, ya français, ya kupima kitambaa, yenye Papa Anicet ametayarisha. Kama ni mama, anapatia mutoto kwa mwenye iko karibu, na mutoto anapita mukono ku mukono mpaka wimbo unaisha. Hakuna kukataa mutoto. Ata kama mama yake ni wa upande ingine, ata kama unaogopa kumuangusha. Mara ya kwanza Innocent alimushika kichanga kama vile mutu anashika radio ya kuazima. Lakini alimushika.

Sasa Dorika. Huyu njo kesi yangu ya nguvu, na juu yake nilianza kuandika.

Dorika alikuja na mimba ya mwisho-mwisho, akazaa, akarudi na mutoto kijana mwenye masikio ya kusimama kama milango ya taxi imefunguliwa. Alikuwa musichana mukubwa. Alichelewa masomo juu ya kukimbia-kimbia, alifika kalasi ya sita kwa Directeur Faustin, na Faustin alimutoa mbele ya examen, mutihani ya serkali, tumbo ilipoanza kuonekana. Hakutaka kushona. Alishona vizuri, lakini kila siku alikuwa anasema kitu moja: nataka kuandika ile examen, niingie secondaire, nikuwe muganga. Tukiwa tunafumua suruali moja aliniambia baba ya mutoto ni nani. Ni Monsieur Trésor, mwalimu yake ya kalasi ya sita. Yeye hakutolewa ku masomo. Alikuwa anafundisha vizuri tu, na tai yake.

Kituo yetu haikuwa na ruhusa ya kupeleka mutu ku examen. Ilikuwa lazima masomo yenye inajulikana imuandikishe, na karibu yetu ilikuwa masomo ya Faustin tu. Papa Anicet alivuka barabara, na viatu ya kung'aa, akaomba na maneno yote ya adabu yenye alisomea. Faustin alijibu ya kuwa mama kati ya batoto ataharibu kalasi. Papa Anicet akaomba tena. Faustin akasema inspecteur, mukaguzi ya masomo, anakuja wiki yenye inafuata. Atamuleta kwetu, na kama inspecteur anaona kweli kule banafundisha kitu, ataandikisha musichana. Alisema vile kwa kuwa alijua inspecteur ataona nini: batu banacheza.

Nilitaka kuvuka barabara miye mwenyewe na kusema jina ya Trésor ku bendera, asubuhi, mbele ya batoto bote. Dorika alinishika mukono.

"Mama, hapana sema kitu. Nataka examen. Sitaki kesi."

Nikamuahidi. Na nyiye munanijua, kufunga mudomo kwangu ni kazi ya kubeba jiwe. Lakini nilimuahidi.

Inspecteur alifika: muzee mufupi, kofia, uso ya mutu mwenye viatu inamubana. Faustin nyuma yake, na nyuma ya Faustin, Monsieur Trésor, mwenye Faustin alileta kwa kuuliza batoto maswali ya kalasi ya sita. Nilitazama masikio ya Trésor. Nikatazama Dorika. Dorika alitazama chini, anamufunga mutoto vizuri ku mugongo.

Inspecteur aliuliza enseignants iko wapi. Papa Anicet akasema ni yeye, na huyu mama ni animatrice. Faustin akacheka na pua.

"Animatrice," akasema. "Basi, mama, tuchezee kidogo, Papa Inspecteur aone vile munafundishaka."

Innocent alisimama, na nikaona ile Commandant yenye sikuona siku mingi. Nikamuwekea mukono ku bega. Nikasema, ndiyo Papa Directeur, tutacheza. Nikafunga kitenge.

Nilianza wimbo ya pedali. Kisigino, vidole. Duara ikajifunga, batoto banaingia na hofu, kisha sauti ikapanda. Na nikaona kitu yenye Faustin hakupanga: viatu ya inspecteur ilianza kujibu. Kisigino, vidole. Yule muzee, mu ujana yake, alikuwa amecheza mu stade, na kitenge ya rangi moja, na mwili yake haikusahau. Akavua kofia. Akaingia mu duara bila kuitwa. Na wakati mukubwa anacheza, nani mudogo atabaki anasimama? Faustin akaingia, anacheza kama mutu anavuka matope. Trésor akaingia pia, upande ya kuume ya inspecteur.

Innocent njo alikuwa anaimbisha. Nilimukonyezea. Akaita: Dorika.

Dorika alinitazama, na nikafikiri atakataa. Akafungua kitenge, akanipatia mutoto, akaingia katikati. Papa Anicet akamuuliza shamba ya urefu hivi na upana hivi, eneo yake ngapi. Akajibu akiwa anacheza. Akamuuliza verbe ya français, finir, ku wakati yenye imepita, passé composé. Akaimba, duara inaitika. Inspecteur anapiga makofi. Na mutoto anapita. Nilimupatia Innocent, Innocent akamupatia musichana, musichana akamupatia inspecteur mwenyewe, mwenye alimurusha kidogo juu kama bibi, na inspecteur akamupatia mwenye iko karibu, sheria haikatai mutu.

Sikusema kitu. Nilimuahidi Dorika, na sikusema. Lakini mwenye anafunga wimbo ni animatrice, na wimbo ilifungika pale pale.

Mutoto alikuwa mu mikono ya Monsieur Trésor. Uso mbili karibu-karibu, masikio mbili kubwa na mbili ndogo. Mutoto alishika tai.

"Eh, Monsieur Trésor," inspecteur akasema, na furaha ya kweli, jasho ku paji. "Hukutuambia kama uko na mutoto yako hapa."

"Si yangu, Papa Inspecteur."

"Si yako?" Muzee alitazama mutoto, akatazama mwalimu, akarudilia mutoto. Nikaona furaha inatoka ku uso yake polepole, kama maji ku beseni yenye imetoboka. "Mama yake ni nani?"

"Ni miye, Papa Inspecteur," Dorika akasema akiwa bado katikati. "Nilisomaka kalasi ya sita kwa Directeur Faustin, kwa Monsieur Trésor. Nataka kuandika examen."

Ilitosha. Inspecteur akavaa kofia, na aligeukia Faustin bila haraka.

"Directeur, uko na shida gani na huyu mwanafunzi yako?"

"Hakuna shida, Papa Inspecteur."

"Vizuri. Nitauliza tena siku ya examen, kuona kama ungali hauna shida."

Musifikirie kama haki ilifanyika. Inspecteur aliandika kitu mahali, na nyuma ya myezi Trésor alihamishwa Irumu. Hivi tu. Hapa kwetu mwenye anaharibu musichana banamubadilishia hewa. Bazazi ya Irumu, jina yake ni Trésor, anavaaka tai, mumuangalie masikio. Na Faustin alibaki directeur, na tangu ile siku mpaka leo anasemaka kama yeye njo aliomba inspecteur amuone Dorika.

Tulishona uniforme ya Dorika siye bote, bleu na nyeupe. Chemise, ile shati, niliikata miye, na chini ya mukunjo ya mbele nilificha vifungo ndogo, mutu anafungua bila kuvua, ku nje haionekane. Kama munataka patron, karatasi ya kukatia, iko mu kabati, nyuma ya mukasi kubwa. Musiitupe, mutaihitaji, nasema na huzuni.

Siku ya examen, sentinelle alikataza mutoto kuingia mu lupango, kiwanja ya masomo yenye kuzungushwa ukuta. Sikugombana. Nilikaa nje ku mulango, miye na Innocent na mutoto, na mutoto alikataa uji, alikataa chai, alimukataa Innocent mwenye alikuwa anaimba pedali na sauti ya chini kama mutu anaomba. Wakati ya mapumziko Dorika alitoka mbio, chemise imelowana mbele. Akaketi palepale, ku ngazi ya mulango ya masomo, akafungua vifungo, akanyonyesha, miguu yake mirefu imekatisha njia. Ile lupango iko na mulango moja. Bote benye balikuwa banatoka kununua maji balipita pale.

Monsieur Trésor, mwenye habajamuhamisha bado, alitoka, akamuona, akasimama. Ilibaki aruke miguu ao arudi ndani. Dorika hakuondoa miguu. Akainua uso, na sauti ya mwanafunzi mwenye adabu:

"Bonjour, Monsieur."

"Bonjour," akajibu, macho ku udongo, akarudi ndani na kiu yake.

Dorika alifuta mutoto kinywa, akanirudishia, akafunga vifungo, akaingia kumaliza hesabu.

Wakati matokeo ilifika, ni directeur njo anasomaka majina ya benye balifaulu, mbele ya bazazi, chini ya bendera. Tulivuka barabara siye bote, bidon zote, na tulisimama nyuma. Faustin alisoma, akasoma, na alipofika mahali fulani ku karatasi akatoa kitambaa, akakohoa, akapanguza kinywa, akakohoa tena. Bazazi balingoja. Inspecteur alikuwa ameketi pale ku kiti ya mbele, kofia ku goti, anangoja pia. Ikakuwa lazima asome. Alisoma jina ya Dorika na kikohozi ndani, lakini aliisoma, na nyuma ya jina akasoma jina ya masomo yake, juu njo sheria, na Dorika akatoka mu kundi yetu na mutoto ku mugongo, akaenda mbele kumupatia Directeur mukono.